Bunduki ya umeme, bunduki ya upepo au mashine ya sindano 630: ipi ya kushonea zulia la manyoya hapa pwani?

Wiki tatu zilizopita dada yangu, binti wa ami yangu anayekaa Langoni, Lamu, alinitumia picha saba na ujumbe wa sauti. "Kaka, kuna mashine ya zulia yauzwa Mombasa, ya mtumba lakini nzima. Sindano zake hazihesabiki. Mwenyewe ana haraka. Niichukue?" Picha ya kwanza ilikuwa ya chuma kirefu cha kijani, nusu kimefunikwa turubai. Ya mwisho ilikuwa ya kibao cha kiwandani ambacho herufi zake zimekwisha kufutika. Siku ile sikumjibu. Nilikaa hapa karakana, Malindi, nikafanya hesabu nyuma ya risiti ya gundi, na kesho yake nikampigia. Kwa kuwa si yeye wa kwanza kuniuliza, nayaweka hapa niliyomwambia.

Kwanza mjue anachokitaka, maana mashine huchaguliwa kwa kazi. Dada ni fundi cherehani wa miaka mingi. Ana oda mbili zinazomsubiri: mazulia madogo ya kando ya kitanda kwa nyumba za wageni za Shela, na msikiti wa mtaani unaotaka zulia jipya la ukumbi, kama mita za mraba 200. Kote wanataka manyoya yaliyokatwa, yale laini ambayo ukipitisha kiganja yanalala upande mmoja na kubadilika rangi. Vitanzi visivyokatwa hawavitaki, wanasema vinakwaruza magoti.

Zulia la namna hii halifumwi kama mkeka au jamvi. Unachukua kitambaa kilichokwisha kufumwa, siku hizi kwa kawaida cha polipropilini, zamani kilikuwa cha juti, unakichoma kwa sindano yenye uzi, na uzi unabaki upande wa pili kama kishungi. Kazi hiyo huitwa taftingi. Ilianzia kwenye mashuka ya kitanda huko Dalton, Georgia, Marekani, ambako mwaka 1895 msichana aitwaye Catherine Evans alishona shuka la vishungi kwa mkono, na mwaka 1900 akauza la kwanza kwa dola mbili na nusu. Mashine zilikuja miaka ya 1930, na za mwanzo zilikuwa cherehani za kawaida zilizogeuzwa. Dada alifurahi kusikia hilo. Nilimwambia asifurahi mapema.

Zipo njia tatu za kuzungumzia hapa: bunduki ya umeme ya mkononi, bunduki ya upepo inayotumia kompresa, na mashine ya upau wa sindano, yaani mamia ya sindano zilizopangwa safu kwenye upau mmoja, kama ile ya kwenye picha. Ipo pia roboti, yaani bunduki iliyofungwa kwenye reli ikachora yenyewe kwa kompyuta. Anayeishi mahali ambapo umeme hukatika mara mbili kwa siku, na fundi wa kompyuta ya namna hiyo hayuko karibu, ninamshauri aitazame kwenye video tu.

Kisu kinavyokata

Watu wakilinganisha mashine hizi huuliza kwanza kasi. Mimi huuliza kwanza kisu kiko wapi, kwa sababu kwenye zulia la kukatwa, ubora wote hukaa hapo.

Bunduki ya umeme ina sindano yenye tundu mfano wa bomba lililopasuliwa, na ndani yake hupita mkasi mdogo. Sindano inachoma kitambaa na kupeleka uzi upande wa pili. Mkasi unafuata, unakata, unarudi. Kila choma lina mkato wake, na kila kishungi ni kipande cha uzi kilichokunjwa mithili ya herufi U. Urefu wa manyoya unaurekebisha kwa kulegeza skurubu na kusogeza sehemu ya mbele. Bunduki nyingi za kukata zinazouzwa huanzia milimita 7 hadi 18 hivi. Mkasi ukianza kuwa butu utajua kwa sikio kabla ya jicho: mlio wa "tak-tak" unakuwa mzito kama mtu anayetafuna, na kwenye uso wa zulia vinaanza kuonekana vitanzi viwili vitatu visivyokatwa. Unausimamisha, unautoa, unaunoa au unabadilisha. Dakika kumi.

Ya upepo inafuata njia hiyo hiyo ila uzi husukumwa na upepo kupita ndani ya sindano. Faida yake ni mbili: inabeba uzi mnene au nyuzi kadhaa kwa pamoja bila kulalamika, na inaweza kutoa manyoya marefu sana, yale ya kuzamisha vidole vya miguu. Hasara yake ni kompresa, nitairudia.

Mashine ya upau ni habari nyingine. Sindano zote hushuka pamoja. Chini ya kitanda cha mashine, kila sindano inasubiriwa na kulabu yake. Kwenye mashine ya vitanzi, ncha ya kulabu huelekea kule kitambaa kinakokwenda, kwa hiyo kitanzi kikishikwa kinateleza na kujiachia. Kwenye mashine ya kukata, kulabu imegeuzwa: ncha yake inaelekea kule kitambaa kinakotoka. Kitanzi hakiwezi kuchomoka. Kinasukumwa na kitambaa kuelekea shina la kulabu, nyuma yake kinapanga foleni kingine, na cha tatu, mpaka kile cha kwanza kinafika mahali ambapo kisu kinapanda kikisugua ubavu wa kulabu, kama ulimi mmoja wa mkasi unavyosugua mwenzake, na kukikata. Kulabu na kisu ndio mkasi. Sindano 630 maana yake kulabu 630 na visu 630, na kila kisu kimekaa kwa pembe yake na shinikizo lake.

Hapo ndipo mtumba unapouma. Kisu kimoja kikilegea au kulabu ikichakaa, mkato hauangukii katikati ya kitanzi. Mguu mmoja wa kishungi unatoka mrefu na mwingine mfupi, kama herufi J. Kishungi kimoja hukioni. Lakini sindano ile ile inashona mstari ule ule kutoka mwanzo wa jora hadi mwisho, kwa hiyo kosa la kisu kimoja linakuwa ufito wa mita 30 unaong'aa chini ya taa. Nilifanya kazi miaka kadhaa bara kwenye kiwanda cha mazulia, na asubuhi yangu ilikuwa hiyo: kulala chali chini ya mashine na tochi mdomoni, nikipapasa kisu kimoja kimoja. Visu vyenyewe hunolewa mara kwa mara na kubadilishwa. Ni vitu vya kuisha, kama nyembe za kinyozi. Nilimuuliza dada: muuzaji anatoa visu vya akiba vingapi? Akauliza, kwani visu viko wapi? Hakuna picha hata moja kati ya zile saba iliyoonyesha upande wa chini.

Koni, na pesa iliyolala

Hili ndilo lililoniwekea usingizi mbali, na watu wengi hawalifikirii kabla ya kulipa.

Mashine ya upana wa mita 2, yenye geji, yaani nafasi kati ya sindano na sindano, ya moja ya nane ya inchi, ina sindano moja kila milimita 3 na kitu. Gawanya: sindano 630. Kila sindano inakula uzi wake, na kila uzi unatoka kwenye koni yake kwenye rafu nyuma ya mashine, ukipita ndani ya mrija wa plastiki. Kabla hujashona hata unyayo mmoja, unahitaji koni 630 zimekaa. Chukua koni ndogo ya kilo moja: hizo ni kilo 630 za uzi, umezilipia, zinakungojea.

Sasa tazama zulia linakula kiasi gani. Kwa geji hiyo una mistari 315 katika mita moja. Ukishona machomo manne kwa kila sentimita, ni machomo 400 kwa mita. Zidisha, unapata vishungi 126,000 katika mita moja ya mraba. Manyoya ya milimita 10 yana miguu miwili, weka na kipande kidogo kinacholala mgongoni, ni kama milimita 24 za uzi kwa kishungi. Jumla ni kilometa 3 za uzi katika mita moja ya mraba. Uzi wa gramu 0.3 kwa mita utakupa karibu gramu 900.

Msikiti wa dada, mita za mraba 200, unataka kilo 180. Rafu yake inabeba 630. Zinazobaki ni kilo 450 za kijani cha msikitini, na nyumba za wageni za Shela zinataka nyeupe ya maziwa na buluu. Unaweza kweli kuzungusha uzi upya kwenye koni ndogo za gramu 300, lakini hiyo ni mashine nyingine ya kuzungushia na siku kadhaa za mtu. Na kila ukibadilisha rangi unafunga fundo 630, uzi mpya kwa mkia wa uzi wa zamani, na kuvuta polepole mpaka mafundo yote yapite kwenye matundu ya sindano. Fundo likikwama, sindano inachoma tupu na unapata mstari wa upara.

Bunduki inakula koni moja, mara nyingi mbili ukipitisha nyuzi mbili pamoja. Ukimaliza buluu unachomoa, unaingiza maziwa. Hilo tu.

Kuhusu uzi wenyewe, kidokezo: uzi wa akriliki wa kufumia sweta, ule unaopatikana kwa urahisi, unapita kwenye bunduki vizuri, ila ukikatwa ncha zake hufunguka na kuwa kama pamba. Wengine wanaupenda mwonekano huo. Uzi wa viwandani wa mazulia husokotwa kisha hupitishwa kwenye joto ili msokoto ukae, na ndiyo maana ncha zake zinabaki zimesimama kama punje. Usimwahidi mteja punje kama unatumia uzi wa sweta.

Rangi na michoro

Mashine ya upau isiyo na vikorombwezo huchora mistari tu, tena ya urefu. Ukitia koni nyeusi kwenye sindano ya 1 hadi ya 20, utapata ufito mweusi pembeni kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukitaka ua au nusu mwezi, unahitaji upau unaoteleza kulia na kushoto au mashine inayodhibiti ulaji wa kila uzi, na hizo ni za bei nyingine kabisa. Kwa msikiti hilo si baya: safu za swala ni mistari, na mashine inazichora kwa unyoofu ambao mkono wangu hauwezi. Lakini kama kamati inataka tao la mihrabu kwenye kila nafasi ya mtu mmoja, mashine ya kwenye picha haiwezi.

Bunduki inachora chochote unachoweza kuchora kwa kalamu. Angalizo moja, nalo nimelilipia. Unashona ukiwa mgongoni mwa zulia. Uso uko upande wa pili. Mwaka wa kwanza nilipopata oda ya zulia la mlangoni lenye neno KARIBU, nilichora herufi vizuri kwenye kitambaa, nikashona kwa siku nzima, nikazunguka fremu ya mbao inayowambiwa kitambaa nione uzuri wa kazi yangu. Herufi zote zilinipa mgongo. Nililitandika kwangu chumbani, na mpaka leo mke wangu humwambia kila mgeni asome. Kwa hiyo kila kitu huchorwa kigeuzi, kama kinavyoonekana kwenye kioo. Ukiletewa maandishi ya Kiarabu, mwombe mtu anayejua khati aitazame karatasi dhidi ya mwanga kabla hujaanza.

Kasi, kwa kifupi

Mashine ya zamani inayokwenda machomo 500 kwa dakika, kwa kipimo kile cha machomo manne kwa sentimita, inatoa mita 1.25 kwa dakika, yaani mita za mraba 2.5. Msikiti mzima unashonwa kwa dakika 80. Mashine mpya hupita machomo 1,000. Mimi na bunduki ya umeme, rangi moja, natoa mita moja ya mraba kwa saa mbili na nusu. Ya upepo, saa moja na nusu nikiwa sijachoka. Zile mita 200 ni saa 500 kwa ya kwanza, 300 kwa ya pili.

Mtu akiona hesabu hii anakimbilia mashine. Ila hizo dakika 80 zinaanza baada ya siku za kupanga koni, na zinafuatwa na gundi.

Baada ya kushona

Zulia likitoka kwenye sindano, iwe ya bunduki au ya upau, ni bichi. Kishungi kimeshikwa na kubanwa kwa kitambaa tu. Ukikivuta kwa vidole viwili kinatoka. Kinachokifunga ni gundi ya lateksi inayopakwa mgongoni, kwa kawaida ikichanganywa na unga wa chokaa ili iwe nzito na nafuu, kisha hubandikwa kitambaa cha pili. Kiwandani kazi hii ina mashine yake: jora linanyooshwa kwa pini pembeni, linapakwa, linapita kwenye tanuri refu, linatoka kavu. Baada ya hapo linanyolewa na mashine ya visu vya mzunguko ili uso uwe sawa.

Kwa hiyo anayenunua mashine ya upau ananunua theluthi moja ya kiwanda. Muuzaji wa Mombasa alikuwa na mashine ya kushona tu; tanuri liliuzwa zamani kama chuma chakavu. Ukiwa na jora la mita 2 kwa 30, utalipaka gundi wapi, na utalivuta vipi lisipinde? Nimeona mtu akijaribu kwenye uwanja wa nyumba kwa ufagio. Lilikauka na mawimbi kama bahari ya kusi.

Zulia la bunduki unalipaka likiwa bado limewambwa kwenye fremu, na mwiko wa bapa, taratibu kutoka katikati kwenda pembeni. Gundi ikiwa nyepesi mno inapenya na kutokea usoni, hapo umelipoteza. Wakati wa kaskazi, Januari hivi, napaka asubuhi na kesho yake nakata kwenye fremu. Masika ya Aprili na Mei nahesabu siku tatu, mara nne, na harufu yake ya amonia inazunguka mtaa mzima. Majirani zangu wa Maweni ni wavumilivu lakini nafungua madirisha ya upande wa pili. Kisha nanyoa kwa mashine ya mkono inayofanana na ya kunyolea kondoo, nikisafisha mipaka ya michoro, na pembeni nashona ukingo. Kwenye hatua hii dada atanishinda, maana ukingo ni cherehani.

Umeme, chumvi na vichochoro

Bunduki ya umeme inachomekwa kwenye soketi ya kawaida ya volti 240 na kula umeme kidogo kama feni. Stima ikipotea inaendelea na jenereta ndogo ya dukani. Ya upepo inahitaji kompresa ya nguvu za farasi mbili au tatu, inayonguruma, inayotaka kutolewa maji kila jioni. Usilipuuze hilo la maji. Hewa yetu ina unyevu, kompresa inaukamua, na ukiacha tangi bila kulifungua, maji yanaingia kwenye bunduki na sindano inapiga kutu ndani ambako huioni. Mashine ya upau inataka umeme wa fezi tatu, sakafu ya zege inayobeba tani kadhaa, na fundi umeme anayejua kwa nini mota inanguruma bila kuzunguka.

Chumvi inatuonea sote. Kaskazini mwa Malindi, Gongoni na Marereni, kuna mashamba ya chumvi kwa sababu jua na upepo wetu hukausha bahari vizuri. Upepo huo huo unapita kwenye karakana. Sindano ya bunduki iliyoachwa nje usiku mmoja inaamka na madoa ya kahawia, na doa hilo linahamia kwenye uzi mweupe. Mimi huzifuta kwa mafuta ya cherehani na kuzifungia ndani ya kopo lenye mchele mkavu. Sindano mbili, dakika mbili. Sasa fikiria sindano 630, kulabu 630 na visu 630, mashine imesimama miezi miwili ikisubiri oda.

Lamu kuna jambo la ziada. Mji wa kale umejengwa kwa punda na mabega ya watu. Mashine ya tani kadhaa itafika Mokowe kwa lori, halafu? Hata ukipata jahazi na winchi, kutoka gatini hadi Langoni kuna vichochoro ambavyo punda wawili wenye mizigo hupishana kwa adabu. Mashine ya namna hiyo, kama ni lazima, ikae bara, Mokowe au Hindi. Bunduki inakuja kwenye mkoba, na fremu ya mbao anatengeneza seremala wa mtaani. Mafundi wa milango ya Lamu hawashindwi na mbao nne na misumari.

Bei, bila kutaja tarakimu za muuzaji

Bunduki ya umeme ni makumi ya maelfu ya shilingi, na ile inayokata na pia kuacha vitanzi kwa kubadilisha vipuri inapita kidogo. Ya upepo hupanda mara kadhaa, na ya Ujerumani hupanda sana kuliko ya Uchina, ongeza kompresa. Mashine ya upau, hata ya mtumba, usiihesabu peke yake: weka rafu, uzi wa kuijaza, spea, tanuri au mbadala wake, na mshahara wa mtu anayejua kulala chini yake na tochi.

Nilivyomwambia

Kwa mazulia ya Shela: bunduki ya umeme, ya kukata, moja ya kazi na moja ya akiba. Manyoya yasipite milimita 12 na yashonwe kwa kubana, kwa sababu wageni wanatoka ufukweni na mchanga. Mchanga hushuka hadi shina la manyoya, na kila anayekanyaga anasaga uzi. Manyoya marefu ya bunduki ya upepo yanapendeza kwenye picha, lakini mfanyakazi wa usafi atakulaani kila asubuhi. Kama nyumba iko mchangani kabisa, mwambie mwenyewe ukweli kwamba mkeka wa ukindu au wa katani utamfaa zaidi, umuuzie zulia la chumba cha juu.

Ya upepo ningempa mtu wa Malindi mwenye oda za hoteli za kila mwezi, mwenye chumba cha kuifungia kompresa mbali na masikio, na anayetengeneza mazulia mazito ya ukutani au ya sebuleni. Dada bado hajafika hapo. Nami mwenyewe ninayo, na siku nyingi imekaa.

Kwa msikiti alitegemea nitamwambia hapo ndipo mashine inapofaa. Nilimwambia asishone kabisa. Mita 200 kwa bunduki ni fremu nyingi zitakazounganishwa, na mshono kati ya fremu na fremu utaonekana kwenye safu. Tena watu watasujudu hapo: zulia jipya la kukatwa hutoa nyuzinyuzi wiki za mwanzo, na harufu ya gundi iliyokaushwa uani haiishi haraka. Anunue jora la kiwandani lililokwisha kufungwa mgongo, apime ukumbi mwenyewe, akate, ashone kingo, alitandike kwa kufuata kibla, na achukue malipo ya ufundi huo. Kamati itampenda zaidi kuliko angechelewa miezi mitatu. Alinyamaza kidogo kisha akasema, "Basi kaka, ule msala wa mbele wa imamu, ule mmoja tu, nitaushona mimi." Sikumpinga. Msala wa imamu kwa mkono wake, hilo linawezekana, na tao la mihrabu atalichora atakavyo.

Na ikiwa wewe unayesoma hapa bado unaitaka mashine ya upau, kwa sababu una mteja wa rangi moja mwaka mzima na ghala lenye fezi tatu, basi fanya hivi kabla ya kulipa. Nenda na jora lako la kitambaa. Mwambie aiwashe na kushona mita mbili mbele yako, si kwa sindano kumi bali kwa upana wote. Akisema koni hazitoshi, umeshapata jibu. Akishona, kata kipande, kikunje manyoya yatazame nje, uinue dhidi ya dirisha na upitishe jicho kwenye mstari wa mkunjo. Tafuta miguu mirefu. Ihesabu mistari yenye kasoro; kila mmoja ni kisu au kulabu utakayoinunua wewe. Kisha lala chini uone kutu.

Dada amechukua bunduki. Wiki hii anajifunzia kwenye kitambaa chakavu, na amenitumia picha ya kitambaa kilichoraruka kwa sababu aliirudisha nyuma badala ya kuisukuma mbele kule pua yake inakoelekea; kila mtu hurarua kile cha kwanza. Jana asubuhi nilimpakilia kwenye basi la Mokowe koni tatu za maziwa, mbili za buluu, kopo la mafuta ya cherehani na kioo kidogo cha mfukoni, cha kusomea herufi kabla hajashona.